CARIAA: tafiti za tabianchi nilizozitumia kazini, zilizonifaa na pale zilipoishia njiani

Nianze na swali la mzee mmoja mfugaji kwenye kikundi ninachofanya nacho kazi, maana hilo swali ndilo lililonifanya nianze kutafuta na hatimaye niandike hii rivyu. Walikuja watafiti wa mradi fulani, siutaji, wakakaa na wanakikundi siku tatu, maswali kibao, ng'ombe wangapi, mvua ya mwaka gani ilikosa, mnakula mara ngapi kwa siku, kina mama wakaulizwa mpaka mambo ya ndani ya nyumba zao, wakaandika wakaondoka. Miaka miwili ikapita. Siku moja yule mzee akaniita pembeni akasema, "Mwanangu, yale majibu tuliyowapa wale wageni yalienda wapi?" Nilinyamaza. Mimi ndiye niliyewapeleka pale na mimi ndiye niliyewaomba watu waache kazi zao wakae nao.

Kuanzia hapo nikawa nasaka tafiti za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi ambazo zimefanywa kwa pamoja kweli, sio ule mtindo wa mtu kuja kuchota na kuondoka, na jina lililokuwa linajirudia kila nikipita ni CARIAA. Nimesoma, nimedaunlodi karibu kila kitu nilichoona kinagusa maeneo makavu, nimeprinti, nimejaza makabrasha mawili, na njia yao moja nimeijaribu na watu wangu siku mbili nzima. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtumiaji, mimi sio profesa na sikuwahi kulipwa na huo mradi hata senti.

CARIAA ilikuwa programu kubwa ya utafiti iliyolipiwa na serikali ya Uingereza kupitia idara yake ya maendeleo ya wakati ule, DFID, pamoja na IDRC, kituo cha Kanada kinacholipia utafiti wa maendeleo. Ilianza 2012 ikafungwa 2019, na hela iliyowekwa ilikuwa dola milioni 70 za Kanada. Kitu cha kwanza walichokifanya tofauti ni kwamba hawakugawa kazi nchi kwa nchi, waligawa kwa aina ya mahali palipo hatarini: maeneo ya nusu jangwa ya Afrika na Asia, delta za mito mikubwa, na mabonde ya mito inayolishwa na barafu na theluji ya Himalaya. Yakaundwa makundi manne ya taasisi, mawili kwa ajili ya nusu jangwa (ASSAR na PRISE), moja la delta (DECCMA) na moja la milima (HI-AWARE), na ndani ya kila kundi kuna vyuo vikuu, mashirika ya kijamii na vituo vya utafiti vya huku na vya kule vimewekwa meza moja kwa miaka mitano hivi.

Sasa kuna jambo nililipenda kabla hata sijafungua ripoti ya kwanza, nalo ni nani anaongoza. ASSAR iliongozwa na Chuo Kikuu cha Cape Town, HI-AWARE ikaongozwa na ICIMOD, kile kituo cha nchi za milima ya Hindu Kush na Himalaya chenye makao Kathmandu, halafu DECCMA ikawa chini ya Chuo Kikuu cha Southampton na PRISE chini ya ODI, taasisi ya utafiti wa maendeleo ya London. Makundi mawili kati ya manne yaliongozwa kutoka kwenye mabara yenyewe yanayotafitiwa. Mtu anaweza kuona hilo ni dogo, lakini angalia namba zilizomo kwenye ripoti ya mwaka 2022 ya IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi: kati ya 1990 na 2019 tafiti zinazohusu Afrika zilipata asilimia 3.8 tu ya hela yote ya utafiti wa tabianchi duniani, na katika hicho kidogo asilimia 78 ilienda kwenye taasisi za Ulaya na Amerika Kaskazini, taasisi za Afrika zikabaki na asilimia 14.5. Na ripoti hiyohiyo inasema kati ya 2010 na 2020 vifo vya mafuriko, ukame na dhoruba vilikuwa mara 15 zaidi kwenye maeneo yaliyo dhaifu sana ukilinganisha na yale yenye udhaifu mdogo kabisa. Ukiziweka hizo namba pembeni kwa pembeni inauma. Anayekufa yuko huku, anayepewa hela ya kuuliza kwa nini anakufa yuko kule. Kwa hiyo mradi ambao nusu ya usukani uko Cape Town na Kathmandu mimi naupa alama hapo hapo, japo nusu sio yote.

Niingie kwenye kile nilichokitumia mwenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

ASSAR walikuwa na shirika la misaada la Oxfam ndani kama mshirika, na Oxfam walileta njia yao inaitwa VRA, ni tathmini ya udhaifu na hatari lakini inafanywa na watu wenyewe wakiwa wamekaa chumba kimoja, mwanakijiji, mtu wa kilimo wa wilaya, mtu wa maji, mtu wa wizarani. Waliifanya Bobirwa, mashariki mwa Botswana upande wa bonde la Limpopo, sehemu ambayo watu wanategemea mifugo, mashamba yanayosubiri mvua, na wale viwavi wa miti ya mopane wanaowaita phane ambao wanaokotwa, wanakaushwa na kuuzwa. Nilipoisoma ile ya Bobirwa nikaona hawa ni ndugu zetu kabisa, ukibadilisha phane ukaweka kitu kingine unapata kijiji chochote cha maeneo makavu. Kilichonivutia zaidi ni kwamba haikuishia kwenye karatasi, maofisa wa mipango wa wilaya walifundishwa njia yenyewe ili waitumie kwenye mipango yao. Mradi ukiondoka, mtu wa wilaya anabaki nayo.

Inafanyaje kazi? Kwanza mnakubaliana eneo lenu lina makundi gani ya watu, na sio "wakulima" na "wafugaji" tu, unashuka mpaka chini, mjane mwenye mbuzi wachache, kijana asiye na mifugo anayeishi kwa vibarua, mwenye kundi kubwa la ng'ombe, binti aliyeacha shule. Halafu washiriki wanagawanywa na kila kikundi kinabeba nafasi ya watu ambao mara nyingi sio wao. Mnaorodhesha hatari, ukame, mafuriko, bei kushuka, magonjwa, migogoro, mnatoa alama kila hatari inamgusa nani kiasi gani. Zile zenye alama kubwa mnazichukua mnaanza kuzifuata kwa swali moja, halafu? Likitokea hili, halafu nini? Na likitokea hilo, halafu? Mpaka mnafika mahali mtu hana tena la kuongeza. Baadaye ndipo mnajiuliza kwenye ule mnyororo wapi pa kukata na nani mwenye panga.

Tulikaa watu 26 kwenye ghala la kikundi. Yule mzee aliyeniuliza swali alikuwepo, na kwa bahati akaangukia kwenye kundi la mabinti walioacha shule. Alikataa kwanza, akasema yeye ana wajukuu wa umri huo, atasemaje kwa niaba yao wakati wenyewe wapo. Nikamwambia, "Mzee wangu, jaribu tu hii leo, wao watakusahihisha ukikosea." Akakubali. Wakaanza mnyororo wao, mvua ikichelewa malisho yanaisha, halafu, ng'ombe wanahamishwa mbali na vijana wa kiume, halafu, maziwa nyumbani yanakata, halafu, mama anatafuta hela ya unga, halafu, binti anatolewa shule akachote maji, kisima cha karibu kimekufa kwa hiyo anaenda mbali, halafu, anarudi giza limeingia. Halafu? Hapo pakawa kimya. Mabinti wawili waliokuwa kwenye lile kundi waliangalia chini. Mzee ndiye aliyejibu, akasema "halafu anaozeshwa mapema ili nyumba ipate mbuzi", akanyamaza, kisha akasema polepole, "na mimi mwaka ule nilipokea hao mbuzi."

Sijawahi kuona dodoso lolote likitoa jibu hilo. Lile la wale wageni wa siku tatu lilikuwa na kipengele cha umri wa kuolewa na lilikuwa na kipengele cha ukame, kila kimoja ukurasa wake, na kati ya kurasa hizo mbili hapakuwa na njia.

Kingine kilichotokea, mtu wa maji wa wilaya alikuwa amekaa kwenye kundi lilelile na mzee, akafungua daftari lake akasema kile kisima kilichokufa kwenye orodha yake kimeandikwa kama kisima cha mifugo, na kwa kuwa mifugo huwa inahamishwa wakati wa ukame basi matengenezo yake yalikuwa yamewekwa mwisho kabisa. Hakuna mtu alikuwa na nia mbaya, ni orodha tu imeandikwa na mtu ambaye hakuwahi kuambiwa nani mwingine anakunywa pale. Alikibadilisha palepale kwa kalamu. Hicho ndicho ninachokisema ninaposema utafiti wa pamoja, mwenye orodha na mwenye kiu wanakaa mkeka mmoja.

Lakini niseme na ugumu wake, maana kuna watu watasoma hapa wakimbilie kuifanya kesho. Maandalizi yanakula muda, mimi yalinichukua wiki tano kuzungumza na watu mmoja mmoja kabla ya zile siku mbili, na bila hivyo wangekuja wenye sauti tu. Hata hivyo siku ya kwanza alama zilitawaliwa na wanaume watatu wanaoongea sana mpaka nikabadilisha utaratibu, kila mtu akawa anaweka kokoto yake kimya kimya. Pili, VRA yenyewe inakuonyesha leo na jana vizuri sana ila kesho haikuonyeshi mpaka umebeba taarifa za hali ya hewa ijayo kutoka pengine. Ukienda mikono mitupu watu watapanga kwa ajili ya ukame wa 2011 na sio huu unaokuja.

Na hapo ndipo vile vijitabu vya ASSAR vya nyuzijoto 1.5 vinapokuwa na thamani. Wote tunasikia kwenye redio joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5 kuliko lilivyokuwa kabla ya viwanda, watu wanadhani ni 1.5 kila mahali. Hapana. Wenyewe walikaa wakapiga hesabu nchi kwa nchi wakaonyesha kwamba dunia ikifika wastani wa 1.5, Botswana itakuwa imepanda nyuzi 2.2, na Namibia 2.0. Mvua ya mwaka ya Botswana inashuka kama asilimia 5, na dunia ikifika 2.0 inashuka asilimia 9. Nusu nyuzi tu ya dunia, karibu mara mbili ya upungufu wa mvua. Mimi niliichora hiyo kwenye karatasi kubwa nikawaeleza wanakikundi kwamba hizi ni za kule kusini na sio zetu, lakini wastani wa dunia unaficha mengi, na yeyote akiwaletea namba ya dunia nzima mumuulize ya hapa ni ngapi. Sasa hivi wanauliza, na wanauliza kila mtu.

Jambo hilohilo HI-AWARE walilionyesha kwa upande wa milima. Kwenye milima mirefu ya Asia dunia ikiishia 1.5 kule juu inakuwa kama 2.1, na hata kwa hesabu hiyo nzuri kabisa karibu asilimia 36 ya barafu ya milima hiyo itakuwa imeondoka mwisho wa karne hii. Ukijua kwamba Indus, Ganges na Brahmaputra zinaanzia huko na watu zaidi ya bilioni moja na nusu wanaishi kwenye mabonde yanayotoka huko, hiyo asilimia 36 inakuwa sio habari ya wapanda mlima. Kuna pia kazi yao nyingine niliipenda kwa sababu ilikuwa ya miguu kabisa, walipima joto mitaani Delhi, Dhaka na Faisalabad, mtaa kwa mtaa, maana joto la kituo cha hali ya hewa sio joto la mama anayepika kwenye kibanda cha bati. Huo ni utafiti wa watu wanaojua wanampimia nani. Sehemu nyingine za HI-AWARE ni hesabu nzito za maji ya mito, mimi zilinipita, nawaachia wenye fani.

DECCMA niliisoma kwa sababu binafsi, nina ndugu wanaoishi kwenye mdomo wa mto na kila mwaka bahari inasogea. Hawa walichukua delta tatu, Volta ya Ghana, Mahanadi ya India, na ile kubwa ya Ganges, Brahmaputra na Meghna, wakafuata swali la kuhama. Walichokipata kinapingana na kelele nyingi za huko nje kuhusu "wakimbizi wa tabianchi", watu wakiulizwa kwa nini umehama ni wachache sana wanaosema mazingira, wengi wanasema kazi, hela, masomo, ndoa. Mara ya kwanza unaweza kudhani basi tabianchi haihusiki. Lakini ukiendelea kusoma unaona inahusika kwa mlango wa nyuma, chumvi imeingia shambani, mavuno yamepungua, mtu anasema nimeondoka kutafuta kazi, na ni kweli ameondoka kutafuta kazi. Na kwenye Volta bahari haili ufuo kwa sababu ya tabianchi peke yake, lile bwawa la Akosombo lililokamilika 1965 linazuia mchanga na tope ambalo mto ulikuwa unalipeleka kwenye delta kila mwaka, na delta isiyopata tope inazama. Nilifurahi kwamba walilisema wazi, maana kuna tabia imeingia ya kila kitu kutupiwa tabianchi, na viongozi wanaipenda kwa kuwa tabianchi haina mtu wa kumuuliza. Kule jimbo la Odisha kwenye Mahanadi kuna habari ya Satabhaya, vijiji vilivyoliwa na bahari mpaka watu wakahamishiwa Bagapatia, na inakufundisha kwamba kupewa kiwanja ndani kwa ndani hakumrudishii mvuvi bahari yake. Wanaobaki nyuma mume akihama ni akina mama, na kazi za shamba na za nyumba zote zinawaangukia, hilo pia wamelifuatilia kwa uzito unaostahili. Kama uko kwenye delta yoyote, anza na hawa.

PRISE nitaipita haraka ingawa sio kwa ubaya. Waliangalia uchumi wa maeneo makavu, kutoka Senegal na Burkina Faso mpaka Kenya, Tanzania, Pakistan, Tajikistan na Kyrgyzstan, na walichonisaidia ni njia yao inaitwa VC-ARID ambayo inafuata mnyororo wa thamani hatua kwa hatua na kuuliza kila hatua ukame unaipiga wapi. Kenya waliitumia kwenye nyama ya ng'ombe, Laikipia ikiwemo, Pakistan kwenye pamba. Uzuri wake ni kwamba haimwangalii mfugaji peke yake, inamwona na dalali, na mwenye lori, na machinjio. Huku kwetu misaada ya ukame inaishia kwenye ng'ombe akiwa hai, ila hasara kubwa mara nyingi inatokea sokoni siku ile kila mtu anauza kwa wakati mmoja. Tatizo ni kwamba imeandikwa kwa ajili ya mtu wa wizara ya biashara au benki, kuishusha mpaka kwenye chama cha akiba cha kijiji inahitaji kazi ambayo mimi bado sijaimaliza.

Halafu kuna kitu kingine cha ASSAR sijakijaribu ila nakitamani sana, zile warsha za kutengeneza sura za kesho. Wanawakutanisha watu wasioelewana, serikali, wakulima, wafanyabiashara, machifu, wanatengeneza pamoja hadithi tatu au nne za jinsi eneo lao litakavyokuwa miaka ijayo, sio wanavyotaka liwe, ni vile linavyoweza kuwa. Waliifanya Omusati kaskazini mwa Namibia na Upper West ya Ghana. Njia yenyewe ina mizizi Afrika Kusini, kwenye mikutano ya mahali panapoitwa Mont Fleur, 1991 na 1992, wakati watu wa pande zote za siasa walikaa wakatunga hadithi nne za nchi yao baada ya ubaguzi, ile ya mbuni aliyeficha kichwa mchangani na ile ya heroe wanaoruka pamoja polepole. Kwamba chombo kilichozaliwa kwenye hatari ile kimefika kwenye mjadala wa maji na malisho, mimi naona ni sahihi kabisa, maana malisho huku kwetu yana siasa na yana damu.

Sasa malalamiko yangu, na nayasema kwa mapenzi.

La kwanza ni lugha. Rundo kubwa la matokeo ni Kiingereza cha vyuoni. Karibu vyote ni bure kudaunlodi, IDRC wana sera ya machapisho kuwa wazi tangu 2015 na wanastahili shukrani kwa hilo, lakini wazi kwa nani? Kurasa 40 za Kiingereza kwa mtu anayenunua bando la siku ni mlango uliofungwa kwa ndani. Nilitafsiri kurasa kumi na moja usiku usiku, na kuna maneno yalinitesa, neno lao la uwezo wa kuhimili tuliligombania na wanakikundi nusu siku mpaka mama mmoja akasema "ni kama mti wa mkwaju, unakatwa unachipua", tukaandika hivyo. Hebu fikiria kama zile dola milioni 70 zingetengwa asilimia hata moja kwa ajili ya watafsiri na redio za jamii tangu siku ya kwanza, sio mwishoni kama nyongeza.

La pili ni muda. Miaka saba inaonekana mingi, lakini ukitoa ya mwanzo ya kutafuta washirika, kusaini mikataba na kujenga kuaminiana kati ya taasisi zaidi ya 40, na ukitoa ya mwisho ya kuandika, ule wakati wa kukaa na watu unabaki mdogo. Mzunguko wa ukame mmoja wenyewe unaweza kumeza mradi mzima. Mimi sikatai kwamba kazi ya pamoja inakula muda, naona inastahili kupewa huo muda.

La tatu ni kinachotokea mradi ukifungwa. DFID yenyewe haipo tena, mwaka 2020 iliunganishwa na wizara ya mambo ya nje ya Uingereza ikawa FCDO. Watafiti vijana waliojifunza kwenye hiyo programu wamesambaa, na wengine ndio leo wanaandika ripoti za IPCC, hiyo ni faida kubwa kweli. Lakini kijiji kilichoshiriki hakisambai, kiko palepale, na hakuna mtu mwenye jukumu la kukirudia miaka mitano baadaye kuuliza yale tuliyosema yatatokea yametokea? Uingereza na Kanada wameendelea na programu nyingine inaitwa CLARE, pauni milioni 110, na ningependa sana kuona hela ya kurudi kijijini imeandikwa kwenye bajeti kwa jina lake.

Nikitoa nyota, VRA naipa tano bila kusita kama utakubali kazi ya maandalizi. Vijitabu vya 1.5 vinne, vingekuwa vitano vikiwa kwenye lugha za watu. DECCMA nne. HI-AWARE tatu na nusu kwa mtu kama mimi, mhandisi wa maji atazidisha. PRISE tatu. Programu kwa ujumla wake nne, na hiyo nne inatokana zaidi na jinsi walivyokaa pamoja kuliko wingi wa walichochapisha.

Mtu anayefanya kazi na kikundi chochote kwenye maeneo makavu, chukua mwongozo wa VRA kwanza, achana na makala. Usome ukiwa na daftari. Tafuta mtu mmoja wa wilayani ambaye yuko tayari kukaa chini siku mbili bila posho ya hoteli, ukimpata huyo nusu ya kazi imeisha. Watu wa vyuo mnaotaka kuja vijijini, njooni, mnahitajika mno, ila mje na tarehe ya kurudi na muitaje mbele ya watu siku ya kwanza.

Zile karatasi za flipchati hatukuzibeba, tuliziacha ukutani palepale ghalani. Nilipompelekea yule mzee kurasa nilizotafsiri alizishika akazikunja akaziweka mfuko wa koti, hakusema kitu kuhusu wale wageni. Wiki iliyopita nimepita ghalani kuchukua magunia nikakuta kwenye ule mnyororo wa mabinti kuna mshale mpya umechorwa kwa mkaa, unatoka kwenye neno kisima unaenda mpaka kwenye neno shule.